Kilomita za Kamanda

Kwa miaka kumi na tisa nesi huyu alipeleka chanjo vijijini kwa pikipiki ndogo ya serikali, kasha la barafu likiwa limefungwa nyuma kwa mipira, na kwa miaka hiyo yote hakuachiwa hata kilomita moja aifaidi bila maelezo. Kulikuwa na daftari. Asubuhi aliandika namba ya mita, jioni akaandika nyingine, na mwisho wa mwezi msimamizi wake, bwana ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka mezani hadi chooni, alipitisha kalamu nyekundu na kuuliza, "Dada, hizi tatu za ziada ulikwenda wapi?" Kilomita tatu! Mto ulikuwa umejaa, akauzunguka. Ikambidi aandike barua ya kuutetea mto.

Sasa amepandishwa cheo, maana yake amenyang'anywa pikipiki na kupewa kiti. Ana likizo aliyoilimbikiza, na ana mdogo wake wa tumbo moja aliyeolewa nchi mbili mbele, ambaye hajamtia machoni tangu walipomzika mama yao. Aliamua kwamba atakwenda kwake kwa pikipiki, kubwa, ya masafa, yenye kuhimili lami na kokoto, na iwe yake mwenyewe, isiyo na daftari. Mpya hakuimudu, ingekuwa ya mtumba. Kwa hiyo alichohitaji kutoka kwa muuzaji yeyote ni kitu kimoja tu: ukweli wa chombo atakachokikabidhi roho yake kwa kilomita elfu mbili.

Muuzaji aliyempata aliitwa Kamanda. Hakuwahi kuwa askari. Alikuwa muuza vigae vya bafuni, na cheo hicho alikipata katika kikundi cha waendesha pikipiki kubwa ambao hukutana kila Jumapili kunywa kahawa na kuegesha. Nesi alikwenda na kaka yake, kwa gari. Kamanda aliwapokea uani kwake saa tano ya jua kali akiwa ndani ya koti zito lenye mabamba mabegani, akampita nesi kama anavyopitwa mtu aliyesimama mlangoni mwa benki, akamshika mkono yule kaka.

"Karibu sana, bosi. Mnyama mwenyewe ndiye huyu."

"Mimi nimemleta mnunuzi tu," alisema kaka, mwalimu wa jiografia. "Mimi hata baiskeli inanishinda."

Kamanda alicheka kwa adabu, kisha akaendelea kumweleza huyohuyo aliyeshindwa na baiskeli habari za nguvu za farasi.

Nesi hakungoja kukaribishwa. Alisogeza kiganja karibu na injini kama anavyopima paji la uso la mtoto. Ilikuwa ya moto.

"Imetoka kuwashwa."

"Niliipasha kidogo, mama, ili isikusumbue."

"Injini ya kununuliwa huwashwa ikiwa baridi. Nitasubiri ipoe."

"Mama, hiyo ni zaidi ya saa nzima!"

"Nimewahi kusubiri mto upungue tangu asubuhi hadi alasiri, na mto haukunipa kiti. Wewe unavyo viti."

Wakakaa. Na kwa kuwa mtu wa aina ya Kamanda hawezi kukaa na wageni bila kujisimulia, walipewa jangwa. Masanduku mawili ya bati yaliyoning'inia ubavuni mwa pikipiki yalikuwa yamebandikwa bendera za nchi kumi na moja, ngamia wawili na fuvu moja, na kila kibandiko kilikuwa na hadithi yake ya dhoruba, kiu na walinzi wa mpaka waliopigwa butwaa kwa ujasiri wake.

"Kwenye ile safu ya milima," aliuliza kaka, kwa hamu ya kweli ya mwalimu, "ulipita upande wa mashariki au wa magharibi?"

"Katikati," alijibu Kamanda.

Kaka alihamishia macho kwa ngamia wa kwenye kibandiko.

Nesi alikuwa ameinamia mita. "Hapa panasoma elfu nne na mia mbili."

"Aa, hiyo mita nimebadilisha. Ile ya mwanzo iliungua kwa joto la jangwani. Mnyama huyu ameshakula zaidi ya elfu sitini."

Hapo nesi aliinua kichwa akamtazama vizuri. Tangu watu waanze kuuziana vyombo vya moto, muuzaji hudanganya kwa kupunguza. Gari lililochoka huwa lilikuwa la daktari mmoja mzee aliyeliendesha kwenda kanisani tu. Huyu alikuwa wa kwanza kuichakaza bidhaa yake kwa mdomo, mbele ya mnunuzi, bila kuulizwa; ilhali yeye alitolewa jasho kwa kilomita tatu, huyu anajigawia elfu hamsini na sita akiwa amekunja nne!

Alichuchumaa penye tairi la mbele. Ubavuni mwa kila tairi hupigwa mhuri wa tarakimu nne, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Alisoma la mbele, akazunguka akasoma la nyuma, kisha akaomba kadi ya pikipiki. Matairi yote mawili yalikuwa yamezaliwa mwaka mmoja na pikipiki yenyewe, miaka tisa iliyopita, na pembezoni yalikuwa bado yana vile vinyweleo vya mpira ambavyo hukatika mara pikipiki inapoanza kulazwa kwenye kona. Tairi la aina hiyo likifika kilomita elfu kumi na tano limejitahidi sana. Elfu sitini kwa tairi moja, tena juu ya mawe ya jangwani, ni muujiza ambao haujasikika.

Mke wa Kamanda alitoka ndani na jagi la maji na glasi, mwanamke mnene, mtulivu, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kusikia yote.

"Bado hajatoka jangwani?" aliwauliza wageni.

"Mke wangu hapendi safari," alieleza Kamanda.

"Nitaijuaje kama siipendi, baba? Hujawahi kuniacha peke yangu hata usiku mmoja."

Injini ilipokuwa baridi kabisa, nesi alipanda, miguu yake ikagusa chini vizuri, akabonyeza kiwashio. Tik. Akabonyeza tena. Tik, kisha kimya.

"Imezoea mkono wangu," alisema Kamanda.

"Imezoea betri ya gari langu," alisema mke. "Ameiamsha kwa nyaya tangu saa tatu. Nendeni nyuma ya nyumba mkaone, hata boneti hakufunga."

Nesi alishuka. Kifuani mwake zilipigana hasira na furaha, kwa maana alikwisha kuelewa. Alikuwa mbele ya pikipiki karibu mpya, iliyozeeka kwa kusimama tu. Betri na matairi yangebadilishwa, petroli iliyochacha ingemwagwa, na ingemfikisha kwa mdogo wake. Lakini hakuwa tayari kununua kwa kubahatisha.

"Nanunua kwa bei uliyotangaza," alisema. "Ila kwenye hati ya mauzo uandike kwa mkono wako: mita ni ya asili, haijawahi kubadilishwa, na pikipiki imetembea kilomita elfu nne na mia mbili."

Kamanda alibadilika rangi. "La nini hilo? Tuseme nakupunguzia bei, mama. Tena sana. Tuiache mita."

"Sijaomba upunguze. Kama ni elfu sitini, sitaki hata kwa bure, maana sijui nini kimelika ndani. Kama ni elfu nne, tumalizane leo. Roho nitakayoibeba huko njiani ni yangu. Chagua."

"Kikundi kizima kinajua nilikokwenda!"

"Kinajua ulichokiambia," alisema mke.

"Basi siuzi. Naghairi. Pikipiki yangu, naiweka."

Nesi aliokota helmeti yake akaelekea garini. Hakuwa anatishia, na kila hatua ilimuuma, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshapakia mizigo kwenye masanduku yale. Kaka alimfuata kwa huzuni. Walikuwa wamefungua milango ya gari mke aliposema, kwa sauti ya mtu anayekumbushia mkate,

"Iweke, baba. Watakuja kukupitia tarehe kumi na tano."

Kisha akawageukia wageni akawafafanulia: baada ya miaka tisa ya kahawa, kikundi hatimaye kimepanga safari ya kweli, siku ishirini, njia ya vumbi, na Kamanda, kwa uzoefu wake, amechaguliwa kutangulia mbele kuonyesha njia.

Kamanda aliomba kalamu.

Aliandika kwa herufi ndogo mithili ya sisimizi. Nesi alimrudishia karatasi. "Andika kwa herufi za mtu mzima." Akaandika upya. Kaka, aliyetakiwa kutia sahihi kama shahidi, alisema hasaini asichokisoma, akakisoma kwa sauti ya darasani, "haijawahi kubadilishwa" akaitaja mara mbili, huku mwenye koti la mabamba akitazama ukuta.

Betri mpya na petroli safi zililetwa kutoka duka la vipuri na kituo cha mafuta. Injini ikaitika kwa mbonyezo wa kwanza. Kamanda, aliyekuwa amekwisha kupata nafuu, alimsindikiza hadi getini akimfundisha namna ya kulaza pikipiki kwenye kona; nesi akaingiza gia angali anafundishwa, akatoka.

Alikwenda kwa fundi matairi kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, kwa kuwa mpira wa miaka tisa hauaminiki, kaka yake nyuma na gari akiwasha taa za tahadhari. Mzee mmoja mwenye baiskeli iliyopakia kreti za soda aliwapita kwa urahisi, akageuka kulitazama lile dude.

"Limeharibika, mama?"

"Hapana, baba. Leo ndiyo linajifunza kutoka."