Bibi wa Kigiriki Aliyekataa Kula Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Haltom City, mji mdogo wa Texas, mapema mno, nikabaki garini nikirekebisha mtandio. Ilikuwa miaka ya tisini, nami Mmombasa nimefuzu juzi uhudumu wa wagonjwa majumbani. Kazi yenyewe ni kumwogesha mgonjwa, kumpima presha na kumgeuza kitandani asipate vidonda, yote kwa kufuata mpango wa huduma, yaani maagizo ya nesi juu ya mtu huyo mmoja.

Mgonjwa wangu alikuwa Bibi Stamatia, mjane wa Kigiriki. Aliletwa Marekani akiwa bibi harusi, akapika katika mkahawa wa mumewe mpaka uzeeni. Miguu ilikuwa imechoka, ulimi bado. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga:

"Umekonda. Kaa ule."

Sasa, kampuni yetu ilikataza mhudumu kula chakula cha mgonjwa. Nikamshukuru, nikampakulia yeye, kisha nikaenda kula wali wangu garini. Nilijiona mfanyakazi hodari kweli kweli.

Kumbe Bibi alikuwa akinichungulia dirishani. Niliporudi, sahani yake ilikuwa haijaguswa. Kesho yake vile vile, na baada ya hapo akawa anadonoadonoa tu kwa kubembelezwa. Uzito ukaanza kushuka. Binti yake aliyekuwa Houston akaingiwa na hofu, akasema mama akizidi kupungua atampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko huko. Bibi alilia siku ile. Nami roho iliniuma, maana alitaka kufia kwake.

Nikamuuliza kwa nini hali.

"Unakwenda kula garini kama mtu asiye na kwao," akasema. "Nitamezaje mgeni akiwa nje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi mtoto wa Pwani, kwetu mtu akipita mlangoni watu wanakula huitwa aingie, leo nafundishwa ukarimu na Mgiriki!

Nikampigia Nesi Msimamizi, Mkenya mwenzangu kutoka Nyeri, aliyekuwa mkali kuliko mwalimu mkuu.

"Bi. Zuhura, rule ni rule," akanijibu. "Ukikula food ya client, mimi ndio nitapoteza job."

"Basi njoo umpime mwenyewe, mwanangu. Ila uje saa ya chakula."

Akaja na mizani yake. Binti naye alikuwa ameshafika kutoka Houston na masanduku matupu ya kumhamisha mama. Tangu asubuhi Bibi alikuwa akiniamrisha akiwa amekaa kitini pake, nikapika supu ya dengu: siki zaidi, mafuta ya zeituni zaidi. Tulipoandaa meza akamsogezea Msimamizi bakuli.

"Asante, Bibi, niko kazini."

Bibi akaweka kijiko chini.

"Sista, mtazame," nikamwambia kwa Kiswahili. "Hali mpaka ule."

Msimamizi akashusha pumzi, akavuta kiti. "Haya, leta na yako, Bi. Zuhura. Tukifutwa, tufutwe tumeshiba."

Bibi akamaliza bakuli, akajiongeza, akatuongeza na sisi bila kutuuliza. Binti akaja akachungulia bakuli la mamake.

"Mama, kumbe unakula?"

"Nilikuwa nangoja watu."

Msimamizi akaandika kwenye mpango wa huduma kwamba mhudumu ale pamoja na mgonjwa. Ofisini walinung'unika, wakanyamaza walipoona uzito unapanda. Masanduku yakarudi Houston vile vile matupu. Mimi na Bibi tuliendelea kugombania chumvi mpaka miaka ya elfu mbili, alipofariki kitandani pake. Nilimlia kama mama yangu.

Baadaye nilihudumia wengine huko Lewisville na Mansfield, chini ya wasimamizi wa kila tabia, mpaka magoti yakanistaafisha. Vijana wanaosomea kazi hii wakiniuliza la muhimu, nawaambia presha wataipima tu, wajifunze na kukaa mezani. Wanangu wako mbali na zamu zao za hospitali. Kila mchana simu inalia: "Mum, umekula? You have to eat."

"Njooni muone," nawajibu, na chakula nakifunika bila kukionja.