Bibi Esinati na Kiti Kisicho na Kabila

Bibi Esinati Nzima anauza panya wakavu sokoni Chipata, meza yake ikigusana na yangu ya nyanya, na tangu nimjue hajawahi kumwacha Mbemba apite bila kumtukana. Sisi Wangoni na Wabemba ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana. Tunawaita wala nyani, wao wanatuita wala panya, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Analipa kuku.

Ijumaa moja aliitwa mahakamani kutoa ushahidi kuhusu mbuzi wa jirani aliyeibwa. Kesho yake mjukuu wake wa pekee, Tisiye, alikuwa anaolewa, kwa hiyo Bibi alikwenda mbio mbio na unga ukiwa bado mikononi, mimi na Tisiye tukimfuata. Hakimu Kapembwa alipofungua kinywa tu, Bibi akaisikia lafudhi ya kaskazini.

"Ee! Mbemba huyu!" Uso ulimng'aa. "Nani alikushusha mtini akakuvika tai?"

Watu tulivunjika mbavu. Hakimu aliinamia karatasi zake, midomo ikimchezacheza, niliona kwa macho yangu. Lakini mwendesha mashtaka, mtu mkavu kuliko panya wa Bibi, akasimama.

"Mheshimiwa, hii ni dharau kwa mahakama."

"Dharau?" Bibi alishangaa kweli. "Ningemdharau ningemwamkia nikakaa kimya!"

"Bibi," hakimu alisema, kicheko kimemwisha, "omba radhi. La sivyo utalala mahabusu mpaka Jumatatu."

"Siwezi. Nikikuomba radhi wewe, mtani wangu, nitakuwa nimesema kwamba nilikutukana kweli. Utani wetu utabaki na nini?"

Tisiye, aliyekaa karibu nami, akaanza kulia. "Bibi, kesho nani atanikabidhi?" Askari alikuwa ameshamshika Bibi mkono. Nilimchukia hakimu yule, pamoja na tai yake.

Mlangoni Bibi akageuka, macho yamejaa machozi. "Hebu nieleze, baba. Nimemkosea nani hasa?"

"Mimi hujanikosea hata kidogo," hakimu alijibu taratibu. "Umeikosea mahakama."

"Iko wapi hiyo?"

Hakimu akagonga mkono wa kiti chake. "Iko hapa."

"Na kiti hicho ni Mbemba?"

"Kiti hakina kabila, Bibi."

"Kumbe! Basi hicho nimekionea, maskini. Hakina mtani, kitanijibuje?" Akajinasua kwa askari. "Wewe simama pembeni, nisije nikakuomba radhi kwa bahati mbaya."

Na hakimu akasimama pembeni! Bibi akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, yale ya viganja vilivyokunjwa, akakiambia kiti kitupu, "Nisamehe, mahakama. Sikujua kwamba huna ndugu." Hakuna aliyecheka. Hakimu akasema radhi imepokewa, akaketi, na ushahidi wa mbuzi ukaendelea.

Jumamosi Tisiye alikabidhiwa na bibi yake kwa vigelegele. Tulikuwa tunakula nshima, ugali wetu, pale Kapembwa alipotokea langoni bila tai, kuku kwapani.

"Wala panya, hodi! Jana nilimkasirikia mtani. Nimeleta faini."

Bibi akamgeuza kuku huku na huku. "Mbona kakonda hivi? Nyama umekula wewe, umeniletea manyoya?"

"Nilimlisha panya zako, ndiyo maana."

Kwa kelele za watu hata ngoma haikusikika. Kapembwa akajibwaga kwenye kiti cha Bibi, cha mwenye shughuli, akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akasema kwa sauti ya chini, mimi na Bibi tu tukasikia:

"Nina miaka miwili hapa. Kila mtu ananiita mheshimiwa, ananiinamia, anapita. Wewe ndiye wa kwanza kunitukana."

 Bibi Esinati akamwekea mbele paja la kuku, lile kubwa alilokuwa amemtengea bwana harusi.

"Kula, nyani we," akamwambia. "Umefika nyumbani."