Povu la Bahari ya Rosettenville

Enzi zetu, sisi watoto wa mchoraji pale Rosettenville, Jumamosi haikuwa siku ya kulala. Baba alitugongea mlango alfajiri, mimi na dada yangu Rehema, tukabeba turubai, makopo ya rangi na mwavuli, tukaenda kuchora bahari. Bahari, Johannesburg! Safari yenyewe iliishia kwenye kilima cha mchanga wa manjano uliotupwa na migodi ya dhahabu. Baba ni mtu wa Tanga, na kwenye mchanga ule aliuona ufuko wa kwao. Mawingu ya mvua yakawa mawimbi. Upepo wa Agosti ulitujaza mchanga machoni na kwenye magwinya, maandazi ya huku, aliyotufungia mama pamoja na achari. Tulikula hivyo hivyo, mchanga na yote.

Wazo la safari hizo baba alilitoa kwenye kitabu kikuukuu, jalada limechanika, kilichosimulia maisha ya mchoraji mmoja Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria. Bwana huyo kila kiangazi alihamia pwani na familia nzima. Mke alimwandalia turubai, watoto walimbebea vifaa, na walipokua wote wakawa wachoraji. Ukurasa huo baba alitusomea mpaka nikauchukia. Kwetu ikawa sheria. Mama, mwenyeji wa huku aliyekutana na baba alipokuwa mkimbizi Tanzania, ndiye aliyepigilia turubai misumari. Rehema alichanganya buluu. Mimi nilipewa povu la mawimbi, eti nina mkono mwepesi.

"Povu si chokaa," baba alikuwa akisema. "Usipake kama unapaka ukuta wa choo."

Wanunuzi walikuwa Wareno wenye mikahawa. Mmoja alisimama mbele ya picha akalia, akasema hicho ndicho kisiwa alikozaliwa. Baba, ambaye hajawahi kukiona hicho kisiwa, alikubali kwa kichwa. Mama akasema tu, "Yangu macho."

Mama ametangulia. Rehema ameolewa Durban, bahari iko mlangoni kwake, na hachori hata kuku. Mimi nasimamia walinzi kwenye jengo la ofisi huko Randburg, na nikirudi nyumbani miguu inawaka moto. Mwanangu Kiswahili anakisikia, lakini kukisema anaona tabu. Siku moja alimsikiliza babu yake akieleza habari za turubai na misumari, akamwambia, "Eish, Babu, piga picha na simu. Sharp, imeisha." Watoto hawa hawajala mchanga.

Baba sasa haoni. Presha ya macho imemaliza yote mawili. Picha yake ya mwisho imeegemea ukuta wa sebule, imebaki povu tu.

"Nimalizie, mwanangu," aliniomba. "Niondoke nikijua imekwisha."

Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa miezi. Nachoka, na uchovu huu haumaliziki kwa kulala. Jumapili iliyopita nimetoka zamu, hata viatu sijavua, akaniuliza tena.

"Tayari, baba," nikasema. "Nimemaliza leo asubuhi."

Akainuka, akafuata ukuta kwa kiganja mpaka kwenye picha, akaweka vidole pale penye mawimbi. Rangi ya mafuta hukaa siku kadhaa ikiwa mbichi. Vidole vyake vilitoka safi. Akavinusa. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye mvi.

"Imekauka vizuri," akasema, akarudi kitini kwake taratibu.

Enzi zetu uongo kama huo ulikuwa na bakora yake. Ulichapwa, ukalia, jioni mkala sahani moja na mambo yakaisha. Siku hizi baba ananisitiri mimi, na tangu Jumapili natamani angenichapa.