Wapangaji wa Beseni

Mshonaji wa chumba cha uani pale Maun, Botswana, hubana pini midomoni, wala hazitoi anapoongea. Kila mwaka huchota tope kavu la bwawa, akalimwagia maji katika beseni la kioo kando ya cherehani, akangoja. Mayai yaliyolala humo huanguliwa, na wiki mbili hazipiti kabla kamba wadogo wenye ngao mgongoni hawajaanza kupiga mbizi. Huwakatia karoti kwa mkasi wake wa vitambaa. Jumamosi moja Rre, yaani Bwana, Mokgethi, mwenye nyumba, aliingia amenuna.

"Mma, wadudu hawa uwamwage leo, la sivyo uhame."

"Watazame kwanza, Rra."

Akainama. Aliona macho mawili meusi, na katikati yake doa jeupe.

"Na hili?"

"Jicho la tatu." Pini zikacheza midomoni. "Mawili hutafuta chakula. Hilo hutazama dirishani, likamwona anayetoka kwa jirani yetu Mma Dineo kwa mlango wa nyuma."

Rre Mokgethi akahisi masikio yanawaka. Huko nje mkewe alikuwa akianika nguo.

"Hawa huishi muda gani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Miezi miwili hivi."

Akashusha pumzi.

"Ila wameshataga, Rra."