Bi Nukta na Kioo Kipya

Kwenye kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi miaka ishirini na sita, jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili tu. Wote walimwita Bi Nukta. Alikuwa msomaji prufu: hakuna kadi wala kitabu kilichokwenda mashineni kabla ya kupita machoni pake, na nukta ikikosekana, aliiona. Mafundi walimtania kwamba mumewe akimwandikia ujumbe wa kuulizia chumvi, hurudishiwa umesahihishwa. Naye hakukana.

Mwaka huo meneja aliamua kompyuta kuukuu ziondoke. Zikaja laptopu mpya, nyembamba kama daftari, zenye mfumo huria, ule wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha apendavyo.

"Vioo vyake vikali ajabu," meneja alisifu huku akisugua mikono. "Picha unaona mpaka unywele."

Picha zilionekana kweli. Kazi ilikuwa kwenye maneno. Bi Nukta alipowasha ya kwake, herufi zilikuwa kama sisimizi, ndogo na zimebanana. Akasogeza kiti. Akafuta miwani kwa upindo wa gauni. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, shingo ikimuuma. Alipogeuka kuwatazama wenzake, mchora majalada, binti wa miaka ishirini na tano, alikuwa anachapa kazi kimya. Meneja naye, ndani ya ofisi yake, kimya.

"Basi ni mimi," alijisemea moyoni. "Macho ndiyo yamekwisha."

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua; yeye aliumbuliwa na kadi ya harusi. Kadi mia tatu zilitoka zikitangaza kwamba maharusi wataunganishwa katika "doa takatifu". Mama wa bibi harusi aliingia ameishika moja kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Mwanangu anafunga doa?"

Meneja aliomba radhi, kadi zikachapwa upya siku ileile. Bi Nukta alingoja kukaripiwa. Akaambiwa tu, "Inatokea, mama." Huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

Jumamosi alikaa mezani nyumbani, laptopu ya kazini imefungwa kando yake, akiandika kwa mkono barua ya kuomba kustaafu. Hapo akaingia wifi yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja. Kwao walipenda kusema ndiye wifi pekee asiyekatika mvua ikinyesha, tofauti na ile ya intaneti. Aliisoma barua akiwa bado amesimama.

"Wifi, unaacha kazi kwa sababu ya macho? Macho gani?"

"Haya haya. Nimepofuka hivi hivi najiona."

Wifi alivuta gazeti lililokuwa mezani. "Nisomee hapa."

Bi Nukta akasoma mistari minne bila kukwama, kisha akakunja uso. "Lakini hapa wamesahau mkato."

Wifi alicheka mpaka akashika meza. "Kipofu gani anayeona mkato usiokuwepo? Lete hiyo mashine."

Ilipowaka, na yeye mwenyewe akainama. "Mh! Hata mimi sioni kitu. Sikiliza, wifi. Kioo ni vidoti vitupu. Kile cha zamani kilikuwa na vidoti vichache, vikubwa. Hiki kimejazwa mara mbili kwenye nafasi ileile, kwa hiyo kila kimoja ni kidogo. Sasa mfumo haujaambiwa. Unaijenga herufi kwa idadi ileile ya zamani, inatoka nusu."

"Mbona hawakuuambia?"

"Aliyeuweka hasomi prufu."

Alifungua mipangilio, akaingia sehemu ya skrini, akapandisha ukubwa kutoka asilimia mia hadi mia mbili. Herufi zikavimba kama bango la duka.

"Sasa umenirudisha darasa la kwanza," Bi Nukta alilalamika. "Ukurasa mzima hauingii."

Wakajaribu mia na hamsini. Ukubwa ulikuwa wenyewe, ila programu ya kupanga kurasa, ambayo ilikuwa ya zamani, ilifanya ukungu kama kioo cha bafuni. Wifi alijikuna kichwa, akarudisha mia, akatafuta kwingine, akakuza maandishi peke yake mara moja na nusu. Wakatoka kwenye mfumo, wakaingia upya. Maneno yakatokea makubwa, meusi, safi.

"Vitufe vya kwenye kioo ndivyo vimebaki vidogo," wifi alisema.

"Vitufe navijua hata gizani. Mimi nataka maneno." Alipangusa jicho. "Sasa futa yote uliyofanya, nianze mwenyewe. Usiniguse mkono."

Akaanza mwenyewe, akiandika kila hatua kwenye daftari.

Jumatatu, kabla hata ya kuweka mkoba chini, alimsogelea mchora majalada. "Mwanangu, kioo chako unakionaje?"

Binti alikitazama kioo, kisha akamtazama yeye, machozi yakamlengalenga. "Mama, wiki ya tatu hii naumwa kichwa. Nameza vidonge. Nilikuona wewe umetulia, nikaona aibu kusema."

"Na mimi nilikuona wewe umetulia! Hebu sogea."

Walipomaliza ya binti, wakaenda kwa meneja. Aliposikia mlango, alisukuma kitu upesi chini ya karatasi, lakini mpini ulichomoza. Ilikuwa lenzi ya kukuzia, kama ya fundi saa.

"Meneja, na wewe?" Bi Nukta aliuliza.

Mzee wa watu akafunika uso kwa viganja. "Nitasemaje, mama? Mimi ndiye niliyezisifu."

Wakacheka wote watatu, meneja akiwa wa mwisho kunyamaza. Kisha akampisha Bi Nukta kiti chake, naye akakaa, akafungua daftari, akaanza hatua ya kwanza.

Daktari wa macho alimwona Bi Nukta wiki ileile, akamwongezea miwani nguvu kidogo tu, basi. Alirudi kazini mchana, akasoma kurasa arobaini za kitabu cha ufugaji wa kuku, akakamata makosa kumi na moja, na jioni akaenda nyumbani shingo haimuumi.