Kitovu cha Ghorofa ya Kumi na Mbili

Juzi nilikuwa kwenye foleni ofisini kwa mtendaji wa kijiji huku Kwai; mbele yangu kijana kutoka Dar alikuwa akimwonyesha mama yake picha ya apatimenti, ghorofa ya kumi na mbili. Ili aipate, ilibidi shamba lao liuzwe. Mama alikwishachovya kidole gumba kwenye wino.

"Mkeo anajifungua lini?"

"Mwezi ujao, mama."

"Kitovu chako nilikizika kwenye migomba ya shamba hilo. Cha mwanao utakizika wapi huko juu?"

Kijana akaitazama picha: vigae, lifti, bwawa la kuogelea. Udongo hakuuona.

"Basi, mama. Tusiuze."

Mama akafuta wino kwenye kanga. Nikashusha pumzi mpaka mtendaji akanigeukia: "Na wewe ulitaka mhuri wa kuuza shamba?"

Nikamwambia nilipita kumsalimu tu.