Thuyên na Kapu la Simu

Thuyên hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mama yake angejua la kufanya naye, maana Bi Nhạn alianza kuwamudu watu wabaya tangu enzi za kupanga foleni ya mchele, wengine wakiwa na bunduki kiunoni. Thuyên alikuwa mpumbavu mwenye furaha. Kwa ugonjwa huo hakuna mganga katika mji mzima wa Nam Định.

Aliuza pampu za maji kwenye chumba cha chini cha nyumba yao. Aliuza, ndivyo alivyodai mwenyewe. Mteja aliingia, akakohoa, akakohoa tena, akaichagua pampu mwenyewe na kumwita Hoài, mke wa Thuyên, aje apokee hela. Mume wakati huo alikuwa nyuma ya meza, kidevu kifuani, kidole kikipanda na kushuka juu ya kioo cha simu. Aliwahi kumpa pole ya msiba jirani aliyekuja kumwalika harusini. Jirani akaondoka na kadi yake.

Basi mwenyekiti wa mtaa alipozunguka kuhimiza familia zipunguze simu, zikae kula pamoja na kuzungumza kama watu, Bi Nhạn alifurahi mno. Akadhani mwanawe amepatikana. Thuyên alipokea lile neno kwa mikono miwili, kama apokeavyo kila kitu chenye uwezekano wa kusifiwa. Alichukua kapu la mianzi la kuoshea mchele, akalipigilia ukutani kando ya mlango wa jikoni, akatoa amri: wakati wa chakula, simu zote kapuni. Ya Hoài ikaingia. Za watoto, Duy na Khánh, zikaingia na machozi juu yake. Hata ya Bi Nhạn ikaingia, kijisimu cha vitufe ambacho kazi yake ilikuwa moja tu, kuongea na binti yake Lụa.

"Hii nayo?" Bi Nhạn akauliza. "Hii haina hata picha."

"Sheria ni sheria, mama."

"Na yako je?"

Thuyên akacheka kwa huruma, namna watu wanavyowacheka wazee. "Sasa mama, yangu ikiingia humo, watu watajuaje kwamba tumeacha simu?"

Kinyozi hajinyoi, lakini walau kinyozi ana aibu ya kuvaa kofia. Huyu kila jioni aliisimamisha simu yake ikaegemea chupa ya mchuzi wa samaki katikati ya sinia, akajirekebisha nywele, akaurushia ulimwengu mubashara namna familia yake inavyokula bila simu. Watoto wakikosea kutabasamu, walirudia. Samaki wakati huo alikuwa anaganda mafuta.

Hayo yote Bi Nhạn angeyavumilia. Kuna jambo moja lililomshinda. Katika nyumba yenye adabu hakuna anayeinua vijiti vyake kabla mdogo hajamkaribisha mkubwa, mmoja mmoja, kwa mdomo. Hata miaka ile ambayo chungu kilikuwa muhogo mtupu na harufu ya mchele, Thuyên mdogo, mbavu zikihesabika, alikunja mikono kifuani na kusema: baba, karibu ule, mama, karibu ule. Bi Nhạn alikuwa akilishikilia neno lile kuliko chakula chenyewe. Siku hizi Thuyên aliikunjia mikono simu.

"Karibuni sana, wapendwa watazamaji, tule wote!"

Halafu akala. Watoto walinung'unika karibu zao kwa bibi yao huku macho yao yakiwa kwenye kapu. Hoài alimkaribisha kwa heshima, lakini Hoài ni mkwe, na mkwe hawezi kulipa deni la mtoto wa kuzaa. Bi Nhạn alikaa na bakuli lake mpaka wali ukapoa, akisubiri mwanawe ainue uso. Hakuinua tangu mwaka mpya.

Siku moja akakitoa kijisimu chake kapuni, akampigia Lụa.

"Siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba yako nitasubiri mara ya mwisho," akasema. "Kaka yako akinitazama usoni akanikaribisha, nakaa. Asipofanya hivyo, nahamia kwako."

Mama kuiacha nyumba ya mwanawe wa kwanza akaenda kulelewa na binti aliyeolewa, hiyo ni aibu ambayo mtaa huifaidi kwa miaka.

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Nimechoka kula na chupa ya mchuzi."

Siku ikafika. Lụa alikuja mapema na pikipiki yake, akaingia jikoni na wifi yake. Wakachemsha kuku, wakakaanga nyama iliyoviringishwa katika chapati nyembamba za mchele, wakapika supu ya machipukizi ya mianzi aliyoipenda marehemu. Chakula kikapandishwa juu mbele ya madhabahu, chini ya picha ya mzee mwenyewe, aliyekuwa na masikio makubwa na uso wa mtu anayesubiri kujibiwa. Udi ukawashwa. Wote wakakaa mkekani kungoja uungue, maana siku hiyo marehemu mwenyewe hula kwanza.

Thuyên hakuweza kungoja. Sehemu aliyoketi haikumpa picha nzuri. Akainuka, akatazama huku, akatazama kule, kisha akaiweka simu yake juu ya madhabahu, bega kwa bega na picha ya baba yake, kioo kikiwaelekea ili ajione. Akarudi kukaa. Na pale juu, nyuma ya moshi wa udi, kati ya maua na ndizi, ukatokea uso wa Thuyên: mnene, unang'aa, nywele zimechanwa.

Hoài akaangusha upawa. Pale huwekwa sura za waliokwisha kufa tu. Mtoto wa chekechea analijua hilo.

"Kaka! Itoe hiyo!" Lụa akapiga kelele.

"Nitoe nini?"

"Hujioni uko wapi?"

"Najiona vizuri tu," akasema Thuyên. "Mwanga wenyewe leo mzuri ajabu."

Kwanza Bi Nhạn aliogopa kama mama yeyote. Kisha hasira ikaifukuza hofu, na nyuma ya hasira kukawa na uchungu wa kweli, kwa sababu aliutazama ule uso kwenye kioo akaona kwamba ndio uso pekee wa mwanawe uliokuwa ukimtazama. Akanyanyuka. Akawasha kijiti cha udi, akaiinamia simu mara tatu.

"Thuyên, mwanangu," akasema kwa sauti ile ile anayomwitia marehemu mumewe, "leo mama yako nakukaribisha. Uliondoka mapema, hata hatukuagana. Njoo ule na baba yako. Kuku yupo, na supu ipo. Ukishiba, utuangalie sisi uliotuacha."

Akakichomeka kijiti cha udi. Khánh akajiziba mdomo, haijulikani kwa kicheko au kilio. Kwenye kioo, uso wa Thuyên ukaachama.

"Mama! Watu wanaona!"

"Nani anasema?"

"Mimi! Nipo hapa, mama!"

"Mwanangu yuko pale juu," Bi Nhạn akajibu bila kugeuka. "Huku chini sijamwona siku nyingi."

Thuyên akaruka, akaichukua simu. Hapo Bi Nhạn akageuka haraka, na ni lazima isemwe kwamba alitumaini. Alitumaini kwa nguvu zake zote zilizobaki. Aliona kidole gumba cha mwanawe kikielekea mahali pa kuizima, akakaa vizuri mbele ya bakuli lake, akalainisha uso, akajiandaa kusamehe.

Kidole kikasita. Thuyên alikuwa ameona mioyo. Mioyo myekundu ilikuwa ikipanda kwenye kioo, na watazamaji walikuwa wengi kuliko aliowahi kupata tangu aanze upuuzi wake. Hofu ikamtoka usoni, tabasamu likaingia.

"Loo! Jamani, wamejaa!" Akaketi, simu mkononi, akisoma. "Huyu anacheka. Huyu ananitukana. Huyu anasema bibi apewe tuzo. Mama, unasikia? Halafu huyu..." Akaisogeza simu karibu na macho. "Anasema, 'Wewe ndugu, mkaribishe mama yako ale, ana njaa huyo.' Kweli kabisa. Mama, karibu ule."

Hakuinua uso.

Bi Nhạn aliyapokea yale maneno. Alikuwa mtu wa adabu, na karibu ina jibu lake.

"Ehe," akasema. "Kuleni, wanangu."

Akaliweka bakuli chini, vijiti vyake juu yake, sambamba. Akainamia picha ya mumewe. Akamgusa Lụa begani, naye Lụa akaelewa, akainuka na funguo za pikipiki. Hoài akamfuata mama mkwe wake mpaka kwenye ngazi, akamshika mkono wa blauzi.

"Mama, usiniache na huyu mtu."

"Njoo kunitembelea," Bi Nhạn akamwambia kwa upole. "Njoo na watoto."

Wakashuka, wakapita katikati ya pampu. Juu, Thuyên aliendelea kusoma na kujibu, akilitafuna paja la kuku. Mtazamaji mmoja akaandika kuuliza bibi amekwenda wapi. Nje pikipiki ikakataa kuwaka, ikakubali, ikaondoka.

"Yupo," akasema Thuyên, macho kwenye kioo. "Yupo hapa hapa pembeni yangu, anakula."